Swichi Nyuma ya Picha Yangu

Nianze na kosa lenyewe, kwa sababu mkinipa nafasi ya kujitetea nitashinda. Nilimkosesha mama mkwe wangu matibabu ya macho kwa swichi ya taa. Halafu nikamsingizia shemeji. Jina langu liacheni hapo hapo. Nusu ya mji wa Kitengela inalala nyuma ya mageti niliyotengeneza na sitaki wateja wacheke.

Mimi ni mtoto wa kijiji cha Kimuka. Shule niliachia darasa la nne, nikachunga mbuzi, nikajifunza kuchomelea vyuma. Ilipoingia elfu mbili na kitu nilikuwa niko na nyumba ya mawe, simu ya waya, na kompyuta. Kompyuta! Majirani walikuwa wanakuja kuiangalia hata ikiwa imezimwa.

Aliyeniunganishia intaneti ni Mutua, ndugu mdogo wa mke wangu Mwende. Alipitisha waya zake mimi nikiwa kazini. Ikashika. Sikuuliza inapitia wapi. Mtu mkubwa haulizi.

Kisha mama mkwe akaja kutoka Ukambani. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, anatembea akishika ukuta. Mwende alikuwa ameandikia hospitali fulani ya misheni, ambapo madaktari wa macho kutoka ng'ambo wangekuja kwa siku chache tu. Tarehe wangetuma kwa imeili. Kazi yetu ilikuwa kungoja.

Shida ni kwamba yule mama, kwa kuwa haoni, raha yake ilikuwa simu. Na hakuwa anaongea, alikuwa anaita! Anapayuka kama anataka Ukambani imsikie bila waya. Habari ya saa moja sisikii. Mpira sisikii.

Na kwetu mama mkwe hakemewi. Hata kumwangalia usoni huangalii sana. Sasa nitamwambiaje aweke simu chini?

Basi mimi, fundi, nikatumia ufundi. Jumapili moja wakiwa kanisani nilikata waya ya simu ukutani, nikaweka swichi ya taa katikati, nikaifunika na picha yangu kubwa, ile nimesimama kando ya geti nikiwa na suti. Tap! Simu ikafa. Nikamwambia Mwende amwambie mama yake laini zimekatika huko barabarani.

Lo, usingizi niliolala!

Siku hiyo hiyo intaneti ikakataa. Haki ya Mungu, sikuona uhusiano. Nilipangusa mashine vumbi. Nikaipiga kofi, kidogo tu. Nikaihamishia dirishani ipate hewa. Mwishowe nikapanda juu ya mabati na kuchomelea antena ndefu kuliko ya mtu yeyote mtaani. Runinga ikashika vizuri sana. Intaneti, hapana.

Nikamwita Mutua. Nikampokea mlangoni na matusi, mama yake akisikia. "Wewe ni tapeli! Umeniletea mashine mgonjwa!"

Mutua alivuta kiti mbele ya mashine. Aliiwasha, akasoma maneno ya Kizungu ambayo mimi nilikuwa nimeyaona siku tatu nikidhani ni salamu.

"Shemeji, mashine haina ugonjwa. Inasema haisikii mlio wa simu. Intaneti inapitia kwa waya ya simu."

Woi! Macho yangu yakakimbilia ile picha ukutani.

"Wacha nifuate waya ukutani nione imekatikia wapi," akasema.

Hapo ndipo ningesema. Sentensi moja tu! Lakini nimeshamwita tapeli, atashinda aje mbele ya mama yake? "Nyumba yangu haipapaswi!" nikanguruma. "Toka!" Akatoka.

Mwende akasema, "Basi niende cyber, nilipie kompyuta nisome hiyo barua."

"Mke wangu apange foleni cyber kama mtu hana mashine kwake? Hapana."

Nilipanga kuiwasha nikibaki peke yangu. Lakini mama hakutoka sebuleni, na asubuhi yake nikaitwa Magadi kutengeneza milango ya chuma. Wiki nzima kwa ile jua, na kila nikishika chuma cha moto nakumbuka swichi. Nikajiambia itangoja.

Nilirudi Jumamosi mchana. Kumbe Mwende alikuwa amemwita Mutua nikiwa mbali. Nimesimama mlangoni na begi, namwona ameinama kwa kompyuta, anajaribu tena. Mama mkwe, ambaye hawezi kukaa bure, anapangusa ukuta na kitambaa.

"Mwende, hii fremu ni ya nani?"

"Ni mume wangu, mama."

"Ni mzito."

Akaitoa msumarini. Mkono wake ukarudi ukutani, ukapapasa, ukasimama.

"Hapa kuna swichi. Ni ya taa gani?"

Begi likaniponyoka, likaanguka sakafuni. 

Tap.

Simu ikafanya ting. Kompyuta ikaanza kupiga namba na kulia kama mbuzi ameshikwa na fisi. Sijawahi kuchukia sauti hivyo! Barua zikaingia. Mwende akasoma kimya, halafu kwa sauti. "Madaktari walikuwa wanaona wagonjwa Jumatatu mpaka Alhamisi ya wiki hii."

Mutua alichungulia swichi, jinsi nilivyofunga waya, akanigeukia. "Kazi safi, shemeji. Hii ni ya fundi kabisa."

Mama hakunitafuta kwa macho. Alisema tu, akielekea mlango nilipokuwa, "Mwanangu, ungeniambia ninyamaze. Ningenyamaza."

Aliondoka na Mutua siku hiyo. Mwende kwa muda mrefu aliniongelesha kuhusu chumvi na makaa tu. Nilipeleka mbuzi Ukambani, nikasimama mbele ya ukoo mzima, nikamwomba Mutua msamaha kwa mdomo wangu huu mkubwa. Mbuzi walimla. Msamaha walisema wataufikiria.

Mwaka uliofuata madaktari walirudi. Jicho la kulia likafunguka. La kushoto, walisema lilikuwa limengoja sana. Hilo silipi kwa mbuzi.

Juzi mama alikuja kwangu mara ya kwanza tangu apone. Alisimama mbele ya picha yangu, akaitazama, akanitazama. "Kwa picha ni mrefu," akamwambia Mwende. Wakacheka mpaka wakakaa chini. Mimi pia nikacheka, ningefanya nini? Halafu nikamwona anaingiza mkono nyuma ya fremu, polepole, kuhakikisha.

Ndugu zangu, mkwe akikupigia kelele, vumilia, au mtume mkeo aseme. Fundi akikwambia ukweli, usimfukuze kwa sababu ulishamtukana. Na kama kuna swichi umeficha mahali, weka hii karatasi chini sasa hivi, uende uiwashe.