Mtu wa Mia Tano wa Barethi

Ilikuwa mwaka wa tisini na moja. Hapana, nimekosea. Tisini na moja watu walihesabiwa pia, lakini hakuna aliyetaja barabara. Huu ulikuwa elfu mbili na moja, mwezi wa Februari, haradali ikiwa bado njano mashambani. Mwalimu wa Khajuri, kijiji jirani, alikuja Barethi na daftari la kuhesabu watu, na habari zilikuwa zimeshamtangulia: kijiji chenye watu mia tano kitapata barabara, kisichofika kitabaki na matope yake.

Bechan alikuwa na miaka arobaini na kitu, mkulima wa ng'ombe wawili na maneno machache. Mkewe alishatangulia, akabaki na mama yake, Jagrani. Jina Bechan maana yake ni aliyeuzwa. Kaka zake sita walikufa wangali wananyonya, basi alipozaliwa yeye, Jagrani akamuuza kwa mkunga Dulari, wa mtaa wa mafundi wa ngozi, ambao wakubwa wa kijiji huwahesabu najisi, kwa kibaba cha mtama. Ndiyo desturi yetu: kifo kikija kumtafuta mtoto wa Jagrani, kisimkute. Kisha akamwazima kwa Dulari ili amnyonyeshe mwenyewe. Tangu hapo hakumwita mwanangu hata siku moja. Alimwita "mtoto wa Dulari," hata alipokuwa akimpakulia dengu.

Siku ya kuhesabu, Bechan alikuwa mbali akikata miwa.

"Mko wangapi hapa?" mwalimu aliuliza.

"Mimi peke yangu."

"Na Bechan je, mama? Si analala hapa?"

"Huyo nilishamuuza."

"Mama, hii ni hesabu ya serikali, si ya mashetani."

"Jicho baya halijui serikali. Kamwandike kwa Dulari."

Mwalimu akaenda kwa Dulari, naye akacheka. "Mwalimu, huyo hajawahi kunywa hata maji kwangu. Nikisema ni wangu, wakubwa wale watanichomea paa. Kamwandike kwao."

Mwalimu alikuwa amechoka. Akafunga daftari bila kumwandika Bechan popote. Jumla ikatoka mia nne tisini na tisa.

Khajuri walipata lami. Barethi walipata mtu wa kumchukia.

Walimwita Bechan Sifuri. "Sifuri, sogea, watu wanachota maji." Ndoo yake ilitupwa nje ya foleni kisimani. Harusini hakualikwa, wala mama yake hakusalimiwa. Ramnihor, mkuu wa kijiji, alimwambia mbele ya watu, "Ng'ombe wako wanajulikana, wewe hujulikani. Uwaombe wao ruhusa ya kulala." Watu wakacheka. Bechan akaenda kuwakatia ng'ombe majani.

Masika ya mwaka uliofuata Jagrani alitia mkono kwenye rundo la mavi makavu ya ng'ombe ya kuwashia moto, swila akamuuma. Gari la kwenda hospitali linaishia Khajuri. Mpaka huko ni matope, mwendo wa saa mbili, na mgonjwa hubebwa juu ya kitanda cha kamba na watu wanne. Wana wa Dulari walikuwa wameenda kufyatua matofali mbali. Bechan akapita nyumba kwa nyumba.

"Ana mtoto gani wa kumbeba?" Ramnihor aliuliza, akitafuna tambuu. "Mwenyewe alisema yuko peke yake. Imeandikwa."

"Kaka, atakufa."

"Mwambie apite kwenye barabara yake."

Milango mingine haikufunguliwa kabisa. Bechan akamfunga mama yake mgongoni kwa shuka, akaingia matopeni. Jagrani alikata roho kabla hawajafika nusu ya njia, Bechan akamrudisha nyumbani. Bechan aliniambia neno lake la mwisho lilikuwa, "Nishushe, mtoto wa Dulari, utachoka."

Mimi nilifika kesho yake asubuhi na kapu langu la bangili ninazouza kijiji hadi kijiji. Nikakuta maiti imeshalazwa juu ya machela ya mianzi na wanaume wanne wameiinua, Ramnihor mbele, wengine nyuma wakigombea zamu, kwa kuwa kubeba maiti kuna thawabu. Nikatembea nao mpaka mtoni, tunakochoma maiti, na kila aliyepokea zamu nilimuuliza taratibu, kama mtu anayeuliza njia:

"Ndugu yangu, bega hili jana lilikuwa wapi?"