Bega la Mama Sabuni

Mama Sabuni alifua shuka za hoteli miaka ishirini na sita, na pua yake ilikuwa na elimu kuliko wenye vyeti. Akinusa mto mmoja tu, alikwambia aliyeulalia kala nini na kagombana na nani. Lakini bega lake la kulia likaganda, mkono ukagoma kupita kifua. Msimamizi wake akampa mwezi: asiyeweza kutundika shuka kambani, akalee wajukuu.

Ndipo wifi yake akamburuta kwenye kambi ya taichi, siku tano, katikati ya migomba na joto la kuivisha yai kiganjani.

"Ni mazoezi ya Kichina," wifi alimweleza. "Unajinyoosha polepole, kama mtu anayeiba sukari mwenye nyumba akiwa amelala."

Siku ya kwanza kila mtu akapewa suti nyeupe, moja. Mwalimu, mtu mwembamba mwenye kucha za miguu kama vijiko, akatoa sharti: suti isifuliwe mpaka kambi iishe, maana nguvu ya mwili hukaa kwenye kitambaa.

Mama Sabuni akameza mate. Machungu.

"Wifi, umesikia uchafu huu?"

"Vumilia. Unataka bega au unataka usafi?"

"Vyote."

"Basi rudi kwako ukavitafute."

Akavumilia. Siku ya pili kola zikafanya utepe wa kahawia. Siku ya tatu suti zikivuliwa zilisimama zenyewe, na inzi aliyetua kwenye ya mwalimu alianguka chali, wenzake wakampepea. Taulo la mikono lilikuwa moja kwa watu ishirini, linateleza kama kambale. Hata uji ulikuwa na ladha ya soksi.

Siku ya nne walipangwa mistari. Mbele yake alisimama kinyozi mmoja, pande la mtu.

"Inueni mikono," mwalimu akaimba, "pokeeni mawingu."

Kinyozi akainua. Kwapa likafunguka kama mlango wa choo cha stendi. Mkono wa kushoto wa Mama Sabuni ulikuwa umeshaziba pua. Wa kulia ukaruka wenyewe, ukapita kifua, ukapita sikio, ukalishusha lile kwapa kwa nguvu. Bega lake lililoganda likalia ko.

Mwalimu akaja mbio, akamkumbatia, uso wa Mama Sabuni ukazama kwenye ile kola yake ya kahawia.

"Mama, waambie wenzako kilichokuponya."

"Kwapa la huyu baba," akajibu akijifuta mashavu. "Hata mimi nimesikitika."

Mchana ule ule akafunga mzigo. Wifi alimsindikiza huku akicheka mpaka akakaa chini.

Jumatatu msimamizi akasimama kando ya kamba, mikono kiunoni. Mama Sabuni akainua shuka mbichi. Mkono ukafika sikioni, ukakwama. Akafumba macho, akamkumbuka kinyozi. Akakunja pua, na mkono ukapanda.

Shuka ikakaa kambani. Akatema mate pembeni, akainama kuchukua ya pili.