Gari Lililolipuka Penye Watu

Porini kati ya Habaswein na Modogashe, gari la Diriye hukimbia bila kukohoa. Likikaribia watu, hubadilika. Likipunguza mwendo sokoni hushikwa na kigugumizi, halafu hulipuka kama bunduki. Wenye maduka hulala chini. Moshi ukitawanyika, barabara huwa tupu, malapa yamebaki kana kwamba wenyewe wameyeyuka.

Diriye, msafirishaji wa maziwa ya ngamia, alikwisha kuzoea. Hakuzoea kizuizi cha polisi. Gari lilipolipuka hapo, askari mmoja alimlenga kifuani.

"Ukirudia," alimwambia kwa sauti ya chini, "sitauliza."

Njia nyingine ya kwenda Garissa hana.

"Lina jini," alisema mama yake, Barwaqo. "Mbona porini halilii? Linatafuta watu."

Akaleta maji ya tahlil, yaliyosomewa Kurani, hadi kwa fundi Hared, ambako Diriye alikuwa amelipeleka gari. Injini ilikuwa inaunguruma, inatetemeka, inapiga mshindo. Barwaqo akanyunyiza. Ikatulia ghafla, kama mtu aliyeitwa jina. Maji yalipokauka, ikaanza tena.

Hared, mtu wa mizaha, hakucheka.

"Eeddo, shangazi yangu, nyunyiza tena. Polepole, kuanzia huku."

"Humwamini sheikh?"

"Namwamini. Nataka kuona huyo jini anaogopa wapi."

Matone yakaanguka juu ya betri. Injini ikaendelea kutetemeka. Yalipofika kwenye mpira mwembamba wa hewa, nyuma, ikatulia. Hared akaupinda. Ulikuwa umepasuka upande wa chini, na maji yalikuwa yanaziba ufa. Hewa iliingia hapo kwa wizi, ikaizidi petroli, na injini huidhihirisha kasoro hiyo inapokwenda polepole. Porini Diriye hukanyaga mafuta. Penye watu hupunguza.

"Kumbe si jini," alisema Diriye.

"Ni mpira, ndugu yangu. Lakini mama yako ndiye aliyeuonyesha."

Hared akafunga mpira mpya.

Asubuhi, kwenye kizuizi, askari yule yule aliliona gari kwa mbali akainua bunduki. Diriye akapunguza mwendo. Gari lilikuja kimya, hata maziwa yakasikika yakitikisika mitungini. Likasimama bila mlio. Kidole cha askari kilikuwa bado kwenye kifyatulio.

"Umelifanya nini?"

"Fundi amelitengeneza, afande." Mikono ya Diriye ilikuwa juu ya usukani.

Askari akasikiliza kwa muda mrefu.

"Nenda," alisema. "Polepole. Nikusikie."

Diriye akaliondoa gari polepole, na kwenye kioo mtutu ukamfuata mpaka konani.