Sefu ya Bunduki ya Mlinzi wa Shamba

Jumamosi, Juni 14. Manyunyu yamekatika, lakini jua bado halijatoka. Saa mbili asubuhi mlinzi wa shamba la mahindi amepiga magoti kwenye sakafu ya karakana, akipitisha kidole kwenye mlango wa kioo wa sefu ya bunduki. Ana miaka sitini na mmoja. Mke wake amesimama nyuma yake, mkoba kwapani.

“Hii ya kioo inapendeza,” anasema mlinzi.

“Hata mwizi ataipenda,” anajibu fundi wa kuchomelea. “Mzee wangu, unatafuta pa kufungia bunduki au pa kuionyeshea wageni?”

Mke anacheka. Mlinzi naye anacheka, kidogo.

Kwa miaka ishirini na miwili amefukuza nguruwe pori kwa bunduki hiyo moja, yenye leseni. Kabla ya kutoka husali. Akirudi, alikuwa akiilaza juu ya kabati la nguo, ndani ya blanketi, na risasi kwenye kopo kando yake. Aliamini hakuna anayejua.

Mwezi Machi, wakinywa chai, mjukuu wake wa miaka sita alimwuliza, “Babu, lile bomba lako la kwenye blanketi mbona zito?”

“Kama anajua ni zito, basi ameshalinyanyua,” anasimulia mlinzi. “Mungu alitusitiri siku ile.”

Jioni hiyohiyo binti yake aliwachukua watoto wake wawili. Hawajalala kwa babu yao tangu hapo.

“Simlaumu,” anasema mlinzi. “Ila nyumba imekuwa kimya mno.”

Leo binti huyo yuko hapa, ameketi kwenye kigoda karibu na mlango.

Fundi anatikisa sefu ndogo kwa mkono mmoja. “Hii watu wawili wanaondoka nayo. Hilo ni sanduku la safari.” Kisha anawaonyesha nyingine: chuma cha milimita nne, bawaba zimefichwa ndani, kufuli la namba mlangoni, matundu manne ya kuifunga ukutani kwa bolti. Kisanduku cha risasi kina kufuli lake peke yake. Bei ni mshahara wa mlinzi wa mwezi mmoja na nusu.

“Namba za mlango nitaweka siku aliyozaliwa mjukuu,” anasema mlinzi.

“Hizo ndizo atakazojaribu kwanza,” anasema fundi.

“Basi mwaka wa harusi yetu.”

“Huo mwenyewe huukumbuki, baba watoto,” mke anadakia. “Na ufunguo wa risasi nitakaa nao mimi. Hata miwani yako nakutafutia.”

Binti anainuka, anaufungua mlango wa sefu na kuufunga, mara mbili.

“Baba, chuma nimekiona. Sasa nataka kukusikia wewe, mbele ya mama na fundi.”

Mlinzi anasimama taratibu, anavua kofia. Fundi anazima mashine yake.

“Mbele ya Mungu na mbele yenu,” anasema, “bunduki hii ikirudi kutoka shambani haitagusa kitanda wala kabati, itaingia humu kabla sijavua viatu. Na siku mkono wangu utakapoanza kutetemeka, nitaipeleka kituo cha polisi mwenyewe, bila kungoja kuambiwa.”