Ng'ombe wa Ukutani kwa Mama

"Binti, hawa ng'ombe wanaingia shambani au wanatoka?"

Aliyeniuliza alikuwa mkulima wa Kisanga, baba wa makamo aliyemletea mama maharage na ndizi kwa baiskeli. Alikuwa amesimama nje ya mgahawa wetu pale Kilosa, akiutazama ukuta ambao rangi yake ilikuwa haijakauka. Mimi nilikuwa nimetoka chuo kikuu karibuni, na hakukuwa na jambo ambalo sikuwa tayari kulibishia. Niliwatazama ng'ombe, nikayatazama mahindi yaliyochorwa mbele ya pua zao.

"Wamesimama tu, baba."

"Wamesimama! Waje wasimame kwako uone."

Akapanda baiskeli na kuondoka bila kunywa chai. Msimu ule ng'ombe walikuwa wamelala shambani kwake, na asubuhi hakukuta cha kuvuna upande mzima wa juu.

Kwa asiyeujua mji wetu, wakulima na wafugaji hukutana sokoni, hospitalini na polisi. Kwingine kila mmoja ana mahali pake pa kukaa. Mgahawa wa mama ulikuwa miongoni mwa sehemu chache ambako wote walikaa, ingawa kila upande ulikuwa na benchi lake na hakuna aliyewapangia. Wakulima walileta maharage. Maziwa yaliletwa na mama mmoja wa kifugaji, mtu wa maneno machache, aliyefika na madumu yake kabla jua halijapanda. Baba alipofariki, mama aliachiwa hayo mabenchi mawili, na hayo ndiyo yaliyonisomesha. Moja lingebaki tupu, la pili lisingetosha kutulisha.

Ndiyo maana watu wa mradi wa amani waliupenda ukuta wetu. Walikuja na fulana na makopo ya rangi, wakasema wanataka picha ya mkulima na mfugaji wakisalimiana. Niliwauliza picha itamrudishia nani mahindi yake. Mama akanifinya.

"Mwacheni, ndiyo kasoma," aliwaambia. "Chagueni rangi."

Kazi alipewa fundi anayechora mabango ya maduka yote mjini. Wakati wa uchaguzi huchora bendera za vyama, na uchaguzi ukiisha huitwa kuzifuta, mara nyingine na watu wale wale. Kwa ng'ombe hakujisumbua. Alikuwa na boksi alilolikata umbo la ng'ombe, lile analotumia kwenye mabucha. Aliliweka ukutani, akapaka, akalisogeza, akapaka tena, mpaka kundi likatimia. Boksi lilikuwa linatazama kulia. Kulia ndiko yalikokuwa mahindi, na mkulima kasimama katikati yake, kanyoosha mkono juu kumsalimia mfugaji aliyesimama nyuma ya kundi.

Kesho yake benchi la wakulima lilikuwa na mtu mmoja, na huyo alikuwa mgeni, anasubiri basi. Ujumbe wa baba wa Kisanga ulifika kupitia kwa muuza mkaa: mpaka ng'ombe wageuzwe, chai ya pale hanywi, na wenzake hawanywi. Maharage ya siku ile tulikula wenyewe, mchana na jioni.

Mama akamwita fundi. "Wageuze."

"Dakika moja tu, mama," alisema fundi, na kweli haikuwa kazi kubwa. Aliwafuta kwa chokaa, akalipindua boksi, ng'ombe wakatazama kushoto.

Siku ya mnada wakashuka vijana wa kifugaji pamoja na mzee wao mmoja. Walisimama mbele ya ukuta muda mrefu.

"Shikamoo mzee," nilimsalimu.

"Marahaba. Huyu bwana mbona anatufukuza?"

"Hafukuzi, anasalimia," alidakia fundi, aliyekuwa anamalizia pembe.

"Anasalimia migongo?" kijana mmoja aliuliza. "Huo mkono ni wa kurusha jiwe."

"Na ng'ombe gani hawa hawana nundu?" mzee alisema. "Hawa wameshafika bucha."

Walicheka, hata fundi alicheka. Lakini hawakukaa. Asubuhi iliyofuata mama wa maziwa hakuja, wala siku iliyofuata. Wakulima walikuwa wamerudi, na walichokikuta ni chai isiyo na maziwa.

"Mama kaleta rangi ukutani, sisi tumepata chai ya rangi," alisema mmoja, na benchi zima likaangua kicheko. Mama alicheka nao. Alipoingia jikoni nilimwona amesimama mbele ya sufuria ya maziwa, kashika mfuniko wake, haioshi wala haihifadhi.

Fundi alikuwa ameshakwenda Mikumi kuchora ukuta wa pili wa mradi, nikatumwa kumleta. Nilimkuta kando ya barabara kuu anamalizia tembo mkubwa karibu sawa na nyumba aliyochorwa ukutani mwake. Abiria wa mabasi walikuwa wanashuka kujipiga picha. Nilimuuliza mama aliyekuwa anauza vitunguu pale, kama tembo huyo anaingia shambani au anatoka.

"Huyo? Anapigwa picha."

"Lakini si ndio wanaokula mashamba yenu?"

"Wanakula, tena wanang'oa na mgomba. Sasa wale ni wa serikali, dada. Utagombana na nani?"

Njia nzima ya kurudi Kilosa niliyafikiria maneno hayo. Kumbe ugomvi unataka mtu wa kuuelekeza kwake, na mfugaji anapatikana kila siku ya mnada.

Mama alikuwa ameshaamua. Hakutaka ng'ombe wageuzwe tena. Alimwambia fundi awaongezee nundu, kisha aushushe mkono wa mkulima na kuutilia kikombe. Mfugaji naye, aliyekuwa ameshika fimbo kwa mikono miwili, aachie mmoja apewe kikombe. "Na moshi utoke kwenye vikombe vyote," alisema, "wasije wakasema mmoja nimempa kiporo."

Bwana wa mradi alipokuja kupiga picha za ripoti alikasirika. Alisema hilo sasa ni tangazo la biashara.

"Ndiyo," mama akamjibu. "Karibu chai."

Siku chache baadaye mama wa maziwa akatokea na madumu yake, akasalimia, akayatua mahali pa siku zote. Hakuutazama ukuta. Mabenchi yakajaa, na baba wa Kisanga akawa anafika mapema kuliko wote. Mimi, niliyekuwa nimeapa kwamba rangi haibadilishi kitu, niliwaandikia rafiki zangu wa chuo kwamba nimekosea, vikombe viwili vimefanya kazi.

Miaka ilipita kabla mama hajanieleza, tukiwa tunachambua mchele, kwamba mke wa yule baba wa Kisanga ndiye aliyekwenda bomani kwa wafugaji kumbembeleza mama wa maziwa arudi. Wanawake hao wawili walikuwa na makubaliano ya siku nyingi: mahindi yakishavunwa, ng'ombe wanaingizwa shambani kula mabua, na samadi inabaki. Mume alijua. Siku za ng'ombe kuingia aliamka alfajiri, akapanda baiskeli, akaja kwetu kunywa chai ya maziwa hadi mchana, ili asiwaone.