Plasta Juu ya Kidude cha Katikati

Friji la soda katika duka lililo mkabala na kwangu, hapa Mshangano, lina mvumo. Asubuhi, kabla bodaboda hazijachangamka, nausikia nikiwa bado kitandani: mmmmm, haupandi wala haushuki. Mwenye duka keshauzoea. Mimi nikiusikia tu narudi kuwa mtoto wa darasa la tano, nimebanwa kwenye benchi la kanisa la kigango chetu, namwombea mama yangu.

Mama alikuwa anapiga gitaa la besi. Najua mnashangaa, hata majirani zetu wa Lizaboni walishangaa. Alikuwa mtu wa sauti ndogo, akiita kuku hawaji mpaka niwaite mimi. Kwenye kwaya aliimba sauti ya pili na kutikisa kayamba, basi. Gitaa lilipofika, la mtumba, limenunuliwa kwa mahindi yaliyochangwa na jumuiya zote, vijana wawili walijaribu wakashindwa kuzibonyeza zile nyuzi nene. Mama, mwenye vidole vilivyozoea jembe na mwiko wa ugali wa misibani, alizibonyeza kama si kitu. Alipiga uzi mmoja tu, mabenchi yakatetemeka, watu wote wakageuka kumtazama. Aliinamisha uso, lakini nilimwona anatabasamu, na mimi nikajisikia mkubwa kuliko watoto wote waliokuwemo mle ndani.

Sasa niwaeleze kuhusu vidude. Chini ya nyuzi, gitaa lilikuwa na vidude vitatu vyeusi vya kuzungusha, na maandishi yake yalishafutika kwa jasho la waliolimiliki kabla yetu. Kamati ya kwaya ikakaa kikao. Kikao kamili, chenye sala ya kufungua na sala ya kufunga. Mwalimu Desideri, aliyekuwa akitufundisha nyimbo, alisema redio ya nyumbani kwake ina vidude vya sauti, tribo, yaani mlio mwembamba, na besi, kwa hiyo gitaa haliwezi kuwa tofauti. Wakakubaliana kwamba cha kwanza ni sauti, cha mwisho ni besi, na cha katikati ni tribo. Hapo mzee Mapunda, mwenyekiti wa kigango, akatoa hukumu.

"Tribo ni ya dansi," alisema. "Humu tunataka besi tupu. Fungeni hiyo."

Kidude cha katikati kikazungushwa hadi kikagoma, kikabandikwa plasta ya zahanati. Padre alipokuja kulibariki gitaa akalinyunyizia maji ya baraka, naye Mama akawahi kulitandazia khanga yake juu lisilowe, kwa hiyo sehemu kubwa ya baraka ile iliishia kwenye khanga. Hata hivyo tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kuigusa plasta. Ilikuwa imebarikiwa.

Shida ni kwamba gitaa lilivuma. Kwenye nyimbo za shangwe mvumo haukusikika, na wakati wa mageuzo, padre anapoinua hostia, Mama alifunga sauti kabisa. Ila kwenye wimbo wa katikati, ule wa baina ya masomo, ambapo besi hutembea taratibu chini ya mwimbaji mmoja, hakukuwa na pa kujificha. Mwimbaji akivuta pumzi, spika inaendelea na yake. Walilaumu jenereta, maana kigango kilikuwa pembeni ya mji na umeme haujafika. Wakabadilisha waya. Fundi akalifungua gitaa, akalipuliza vumbi, akalifunga. Wengine walinong'ona kwamba ni maji ya baraka yameingia ndani, na Mama peke yake ndiye aliyejua maji yale yaliishia wapi.

Wiki mbili kabla ya sikukuu ya mtakatifu somo wa kigango chetu, mzee Mapunda alimsimamisha Mama mlangoni mwa kanisa.

"Mama Skola, wageni wa vigango vyote watakuwepo. Likivuma siku hiyo tunaliuza, tununue ngoma. Wewe utarudi kwenye kayamba lako."

"Sawa, Baba Mwenyekiti," alijibu Mama. Njia nzima mpaka nyumbani uso wake ulikuwa ule wa zamani, wa kabla ya gitaa.

Gitaa lililala kwetu kwa sababu sakristia ilikuwa na panya watafuna waya. Jumatano ile Mama alikwenda mashine kusaga. Nikabaki na gitaa, na redio kubwa ya Baba ya umeme, maana kwetu ulishafika, yenye tundu la maikrofoni, na dhambi. Nilichomeka waya. Redio ikavuma vilevile kama spika ya kanisani, kwa hiyo jenereta halikuwa na kosa. Nikabandua plasta polepole, nikihesabu kabisa kwamba hili la leo nitalisema kwenye kitubio.

Nilikifungua kidude cha katikati nikisubiri tribo. Tribo haikuja. Nikafunga cha kwanza, nikiamini sauti itakufa, na bado gitaa likalia! Hapo nikachukua kijiko. Chini ya nyuzi kulikuwa na sumaku mbili za kunasa mlio, moja karibu na shingo na nyingine huku chini. Nikawa nagonga kila sumaku kwa ncha ya kijiko huku nafungua na kufunga. Kidude cha kwanza kikiwa wazi peke yake, inasikika sumaku ya juu tu. Cha katikati kikiwa wazi, inasikika ya chini tu. Vyote viwili vilikuwa sauti, kila kimoja na sumaku yake. Cha tatu kilifanya mlio ung'ae au ufifie, kama mtu anayesema huku amejifunika blanketi. Kisha nikafungua viwili vya kwanza hadi mwisho, sawasawa, na mvumo ukatoweka. Nikapunguza kimoja kidogo, ukarudi. Nikalinganisha tena, kimya. Nilirukaruka chumbani peke yangu kama mwehu.

Mama aliingia na unga kwenye nyusi. Akaiona plasta sakafuni.

"Nani kakutuma kugusa?"

Nilimwonyesha. Alisikiliza, akaniambia nirudie. Nikarudia mara tatu. Halafu akaiokota plasta, akaibandika upya palepale, akaenda kuinjika maji ya ugali. Nililia kidogo, nikidhani hakuniamini.

Jumamosi kulikuwa na mazoezi ya mwisho. Jenereta halikuwashwa, kwa kuwa petroli ilitunzwa kwa ajili ya misa, na gitaa lilipigwa kavukavu hivyo hivyo. Katikati ya mazoezi Mama aliibandua plasta mbele ya wote.

"Mama Skola!" Mwalimu Desideri alishtuka. "Hiyo ni tribo!"

"Si tribo, Mwalimu. Ni sauti ya pili ya gitaa. Skola amelipima."

Mzee Mapunda alinitazama kuanzia miguuni. "Huyu? Wa darasa la tano ndiye atufundishe?"

"Ndiyo, huyu," Mama alisema, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimsikia akisema kwa sauti ya kufika hadi benchi la nyuma. "Kesho likivuma msihangaike na kikao. Nitaliweka chini mwenyewe, na sitalishika tena."

Jumapili kanisa lilijaa hadi madirishani. Wimbo wa katikati ulipoanza nilifumba macho. Mwimbaji akamaliza ubeti, akavuta pumzi. Nikasikia mtoto akikohoa. Nikasikia jenereta kwa mbali, nje, mahali pake. Kwenye spika hakukuwa na kitu, kisha besi ya Mama ikaingia, nene na safi, na mzee Mapunda akaanza kutikisa kichwa akifuata mdundo bila kujijua.

Kwa miaka mingi nilijisifu kwamba nilimwokoa mama yangu. Kisha nikawa fundi wa vyombo vya muziki, kazi inayonilisha hadi leo, nikajifunza kwamba sumaku zile mbili zikilingana huuana mvumo, lakini pia kwamba mvumo una sababu chungu nzima: waya mbovu, spika mbovu, jenereta lenyewe. Kilichokubali kwenye redio ya nyumbani kingeweza kabisa kugoma kanisani, na kule hakuna aliyekuwa amekijaribu. Mama aliweka rehani kitu alichokipenda kuliko vyote kwa neno la mtoto mwenye kijiko. Mwaka jana nilimuuliza kama siku ile hakuogopa.

"Niliogopa sana," alisema, mikono ikiendelea kuchambua maharage. "Lakini kayamba ningelizoea tena. Wewe ningekukana mbele ya watu, ungethubutu kufungua kitu gani tena?"