Mukono ya Mama Mukubwa

Wakati ya vita, huku Butembo, mutu akiwa na kidonda batu hapana kuuliza mara mbili. Basoda tu, baaskari. Hata mbuzi ikipotea, basoda. Mbuzi yetu moja tulilaumu basoda, kumbe ilikuwa mu shamba ya jirani inakula maharagi. Lakini hapana ya mbuzi ndiyo nataka kuandika.

Mama mukubwa, dada ya mama yangu, alikimbia vita kule Luofu akakuja kukaa kwa mutoto yake wa kuzaa. Huyo namuita kaka. Fundi wa kushona, muimbaji ku kanisa; ku ndoa yangu ni yeye aliimba, batu balilia. Donc, asubuhi moja mama mukubwa akakojoa ku mukeka. Kaka akashika muti ya kutwanga sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, akamupiga nayo ku mukono. Nilikuwa ku mulango. Nilisikia mufupa.

Tukamulalisha ku kipoyi, ile machela ya miti, mie mbele, kaka nyuma. Ku njia bamama banapiga kelele: "Pole, koko, bibi yetu! Basoda bamekosa banaume ya kupiga?"

"Bashenzi kabisa," kaka anaitika.

Ku dispansere batu balikuwa bengi. Munganga alikuwa anaandika mbele ya kuangalia mukono. "Ni basoda?"

Mama mukubwa akaniangalia. Hapana kaka, mie. Nilijua: nikisema kweli, hatarudi kwa kaka, atakuja kwangu. Nyumba yangu ilikuwa na byumba bibili, batoto sita. Na kwetu maneno ya nyumba haitoke inje.

"Ndiyo, munganga. Basoda."

"Andika vile anasema," mama mukubwa akasema. "Yeye iko na kinywa."

Tukamurudisha kwa kaka. Batu ya shirika, bale banasalia pamoja mu mutaa, bakakuja kumuombea, bakalaani basoda, bakasema amina. Yeye hapana kusema amina.

Kisha mvua ikaanza. Siku ya mungu moja, nikitoka kanisa, nikaenda kumusalimia, nikamukuta jikoni, mulango umefungwa kwa inje, mukono ile ingine inavimba. Nikapiga magoti.

"Mama mukubwa, ni nani tena?"

"Uliza munganga," akasema. "Karatasi iko naye."

Nikamunywesha uji. Nikafunga mulango vile niliikuta, nikarudi kwangu.